Vidole Saba vya Oktovianus

Kaka yangu ana vidole saba.
Vitatu vilikwenda na chupa ya bia
iliyoshindiliwa mbolea na unga wa viberiti,
utambi mfupi mno,
mwaka ule nilipofanya mtihani wa darasa la sita.
Samaki walielea matumbo juu, weupe, mamia.
Watu waliwaokota wao kwanza,
ndipo wakamwokota yeye.

Simlaumu mtu. Hata mimi nilikula.

Siku tuliyoifunga bahari
mchungaji Fakdawer aliomba amesimama majini hadi magotini,
tukasimika mti uliovishwa makuti machanga:
kuanzia jiwe jeusi hadi kisiwa cha popo
hakuna nyavu, hakuna mkuki, hakuna chupa.
Wa mwisho kusema amina alikuwa Oktovianus,
akaitamka kama mtu anayelipa deni
kwa noti zilizochanika.

Sasa kila Jumanne, maji yakikupwa,
hulala kifudifudi juu ya kifusi alichokifanya mwenyewe,
miwani ya kuzamia imefungwa kwa kamba ya kiatu,
akifunga vipande vya matumbawe hai
kwenye nondo tulizochomelea kwa mchango wa kanisa.
Pumzi moja, fundo moja.
Huibuka, hutema, hutukana kidogo,
hurudi chini.
Kidole kimoja hakivunji chawa, nakubali;
viwili vya mkono wake wa kushoto, gumba na cha mwisho,
vinakaza uzi wa nailoni hadi unalia.
Wenye vidole kumi hufunga ishirini kwa saa.
Yeye hufunga tisa.
Hakuna anayemhesabia.
Mimi humhesabia.

Kazi yangu ni daftari.
Kurasa zimevimba kwa chumvi, wino umekimbia,
lakini bado yasomeka:
Kiota cha kumi na saba, chini ya mkadi, mayai mia na kumi na nne,
kimehamishwa, mawimbi yalikaribia.
Kiota cha kumi na nane, kimefukuliwa na nguruwe wa Mama Yakomina.
(Kikao kilikaa. Nguruwe amefungwa.
Mama Yakomina hanisalimii mpaka leo.)
Kiota cha kumi na tisa, kitupu, nyayo za binadamu.
Sikuandika za nani.
Kandambili ile naijua, kisigino kimeliwa upande.

Usiku wa kiota cha ishirini na sita
kasa alipanda mchangani akiburuta mstari uliopinda.
Pezi lake la nyuma, la kulia, halikuwepo;
nyavu, au papa, nani ajuaye.
La kushoto lilichota mchanga, likautupa.
Kisha zamu ya kulia: kigutu kikachota hewa,
kikaitupa hewa ile kwa uangalifu uleule.
Kushoto, mchanga. Kulia, hewa.
Shimo likawa linajifukia lenyewe.

Kanuni ya nne niliiandika mimi, kwa herufi kubwa:
MZAZI ASIGUSWE.
Oktovianus aliniangalia.
Nikazima tochi nyekundu.

Gizani nilisikia pezi, halafu kiganja,
pezi, halafu kiganja,
wakipokezana kama wanawake wawili kwenye kinu kimoja.
Hakumgusa. Nitaapa hivyo mbele ya kikao.
Alichota mchanga tu, upande uliokosa mwenyewe,
kwa mkono ule ule,
mpaka shimo likafika kiwiko
na yai la kwanza likadondoka,
likafuatwa na mengine tisini na moja.

Safu ya daftari inauliza: aliyeshuhudia?
Niliandika jina langu, Dorsina.
Haina safu ya aliyechimba.

Siku ya hamsini na nane mchanga ulibonyea,
wakatoka sitini na watatu, weusi, wenye haraka.
Kaa walichukua wanne mbele ya macho yangu.
Ilikuwa Jumanne.
Nilikimbia hadi jiwe jeusi kumpa habari,
nikauona mgongo wake chini ya maji,
miguu imetulia, mikono kazini.

Nikangoja amalize fundo.